Damu Isimwagwe Mtaroni: Mabaki ya Machinjio na Mboga Tunazokula

Mhadhara wa wazi uliotolewa mjini Morogoro mbele ya wakulima wa mboga, wachinjaji, wenye mabucha, madiwani na wanafunzi wa kilimo.

  

Wapo kati yenu waliokuja hapa moja kwa moja kutoka kazini, maana ng'ombe huchinjwa usiku ili nyama iwahi bucha alfajiri. Kwa heshima yao sitazunguka.

Nia yangu leo ni moja. Nataka kuonyesha kwamba mabaki ya machinjio yanaweza kurutubisha mboga zetu, na kwamba kupata au kukosa mbolea hiyo kunaamuliwa sakafuni pa machinjio, kabla maji ya kuoshea hayajafunguliwa. Wengi tunadhani suala hili ni la mkulima na shamba lake. Mimi nasema kwanza ni la mchinjaji na mfereji wake. Nitalieleza kwa hoja 6, na maswali tutayapokea mwishoni.

Hoja ya 1: Tunachotupa ndicho chenye nguvu

Mtanzania hatupi ng'ombe ovyo. Nyama na mifupa huenda buchani, utumbo una wanunuzi wake, kichwa kina wateja wake, miguu huwa supu ya makongoro, ngozi huenda kwa wenye biashara ya ngozi. Ukisoma vitabu vya nchi nyingine vinavyoorodhesha mabaki ya machinjio, utakuta nusu ya orodha hiyo kwetu ni kitoweo. Kinachobaki ni damu; majani yaliyosagika nusu ndani ya tumbo la ng'ombe, ambayo leo nitayaita uchafu wa tumboni; samadi ya zizi ambamo ng'ombe husubiri kuchinjwa; kwato, pembe na nywele; na viungo ambavyo mkaguzi wa nyama amevikataa. Kwa wachinja kuku, ongezeni manyoya.

Tuitazame damu. Chukueni mfano wa machinjio inayochinja ng'ombe 100 kwa siku. Ng'ombe wetu wa kienyeji mwenye kilo 250 hivi hutoa takriban lita 10 za damu inayoweza kukingwa. Hizo ni lita 1,000. Karibu asilimia 80 ya damu ni maji, lakini katika kila kilo 100 za damu mbichi kuna karibu kilo 3 za naitrojeni. Kwa siku moja, basi, tunazungumzia kilo 28 hadi 30 za naitrojeni. Mfuko wa mbolea ya yurea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Wanafunzi, pigeni hesabu wenyewe: machinjio hiyo inamwaga zaidi ya mfuko mmoja wa yurea kila siku ya Mungu. Mwaka 2022, kabla ya ruzuku ya serikali kuanza, mfuko huo ulivuka shilingi 120,000, na wapo wakulima humu ndani walioacha kuziwekea kabichi zao mbolea ya kukuzia msimu ule kwa sababu hiyo.

Damu hiyo ikiingia mtoni haipotei kimya. Ili ioze, hudai oksijeni iliyo ndani ya maji. Lita moja ya damu hudai zaidi ya gramu 150 za oksijeni, na lita moja ya maji ya mto wa nchi yenye joto kama yetu huwa na miligramu 7 au 8 tu. Maana yake ni kwamba lita moja ya damu inaweza kumaliza pumzi ya lita 20,000 hivi za maji. Samaki wanakufa, maji yananuka, na nzi wanaongezeka. Nawakumbusha pia kwamba maji ya mji huu hutegemea bwawa la Mindu lililoko kwenye Mto Ngerengere, na Ngerengere humwaga maji yake Ruvu, mto unaowanywesha watu wa Dar es Salaam. Kinachoteremka kutoka Morogoro kina wanywaji wengi mbele yake.

Hoja ya 2: Jambo hili si geni

Katika karne ya 19 mashamba ya Uingereza yalilishwa mifupa. Ilinunuliwa kwa shehena kutoka bara la Ulaya, ikasagwa, ikatawanywa mashambani. Mkemia Mjerumani Justus von Liebig alilalamika kwamba Waingereza wanachukua mifupa hata kwenye viwanja vya vita vya Leipzig, Waterloo na Crimea. Mwaka 1842 John Bennet Lawes alipata hataza ya kutia mifupa na mawe ya fosfeti katika asidi ya salfa ili fosforasi yake iyeyuke kwa urahisi, na hapo ndipo kiwanda cha mbolea ya kisasa kilipoanzia. Kwa hiyo hata mbolea ya viwandani tunayoiona imetoka mbali na wanyama, ukoo wake ni mifupa.

Nasi hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta ushahidi. Fosfeti ya Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, imetokana na kinyesi na mabaki ya ndege wa majini waliokusanyika pale zamani za kale. Mkulima anayenunua mfuko wa Minjingu ananunua mabaki ya wanyama yaliyokaa ardhini muda mrefu.

Kuhusu damu na uchafu wa tumboni, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jadavpur, mjini Kolkata, India, walivichanganya, wakavikausha na kuvijaribu kwenye nyanya, pilipili na bilinganya. Kule Kiserian, Kaunti ya Kajiado nchini Kenya, machinjio ya Keekonyokie hupeleka uchafu wake kwenye mtambo wa biogesi. Wenye uwezo wa kujenga mtambo wa namna hiyo wapate gesi kwanza, kisha tope linalotoka liende shambani. Mimi leo nazungumza na wenye chepeo, toroli na turubai.

Hoja ya 3: Mbolea hupatikana au hupotea sakafuni

Hapa ndipo ninapoomba masikio yenu yote.

Ng'ombe akishachinjwa, damu hutoka kwa dakika chache tu, na haichukui muda kuganda. Katika machinjio nyingi ndogo inaachwa itiririke sakafuni, kisha tumbo linapasuliwa hapohapo, uchafu wake unamwagika juu ya damu, halafu mtu anakuja na mpira wa maji. Lita 10 za damu zinakuwa mamia ya lita za maji mekundu yenye majani, mafuta na mchanga. Ikifika hapo, mbolea imekwisha kupotea. Huwezi kuivundika, maana ni maji. Huwezi kuikausha, maana kuni zitakazotumika zina thamani kubwa kuliko kitakachopatikana. Huwezi hata kuibeba. Kilichokuwa mali dakika 10 zilizopita sasa ni gharama: shimo la kujaa, gari la kunyonya, faini ya mazingira.

Dawa yake ni kutenganisha, na kutenganisha hakuhitaji mashine kubwa. Mahali pa kutolea damu pawe na mteremko wake na mfereji wake, unaokwenda kwenye tangi lake. Ng'ombe akining'inizwa juu kwa winchi ni bora zaidi, kwa sababu damu hutoka vizuri, nyama husafika na damu haigusi sakafu inayokanyagwa. Tumbo lipasuliwe upande mwingine, juu ya toroli, bila tone la maji. Kabla ya kuosha, sakafu ikwanguliwe kikavu, kila kinachokwanguka kiende kwenye toroli. Baada ya hapo ndipo mpira wa maji ufunguliwe, na maji hayo yaende kwenye mfereji wa pili. Sabuni na dawa ya kuulia vijidudu visiingie kabisa kwenye tangi la damu, maana vitaua pia vijidudu tunavyovitegemea kuivisha mbolea.

Ndugu wachinjaji, najua mnavyofanya kazi. Mnalipwa kwa kichwa cha ng'ombe, gari la nyama linapiga honi nje, na mtu anakuambieni mkinge damu kwanza. Nani atamlipa kijana anayesimama na beseni? Swali hilo ni la haki, na mpango wowote usiolijibu utakufa wiki ya pili. Kwa maoni yangu anayekinga damu alipwe kwa ndoo iliyo safi, na malipo hayo yatoke kwa anayechukua mbolea. Halmashauri nayo ichangie, kwa kuwa inaokoa fedha za kunyonya mashimo na kuzibua mitaro. Kuhimizana kwa maneno peke yake hakutoshi.

Hoja ya 4: Lundo lina kanuni zake

Damu mbichi isipelekwe kwenye tuta la mchicha. Naona bibi shamba hapo mbele anaitikia kwa kichwa; ameyaona matokeo yake. Inaganda juu ya udongo, inaita nzi na mbwa, na inapooza hutoa amonia kali inayounguza miche. Lazima ivundikwe ikawa mboji.

Vijidudu vinavyoozesha lundo hula kaboni na naitrojeni kwa uwiano. Lundo zuri huwa na kaboni sehemu 25 hadi 30 kwa naitrojeni sehemu 1. Damu ina kaboni sehemu 3 au 4 tu, kwa hiyo naitrojeni imezidi na itaruka hewani ikiwa amonia. Harufu ile inayowachoma pua ni mbolea inayowatoroka. Mabua makavu ya mahindi yana kaboni sehemu 60 hivi kwa moja ya naitrojeni, na unga wa mbao una mamia. Tunaoanisha kimoja na kingine.

Kipimo ninachokipendekeza ni hiki: damu kilo 100, uchafu wa tumboni kilo 200, mabua makavu yaliyokatwakatwa kilo 300. Ukikokotoa, uwiano unafika karibu 25, na unyevu unakuwa karibu nusu ya uzito wa lundo, bila kuongeza maji. Uchafu wa tumboni una faida ya ziada: umejaa vijidudu vilivyokwisha zoea kusaga majani. Asiye na mabua atumie nyasi kavu au maranda. Maganda ya mpunga tunayo tele ukanda huu, nayo yanafaa kuingiza hewa, lakini yanaoza polepole sana, basi yasiwe ndiyo tegemeo.

Tandika mabua chini unene wa shubiri moja, mwaga damu na uchafu wa tumboni, funika kwa mabua, endelea hivyo hivyo, na tabaka la juu liwe kavu na nene ili nzi wasipate pa kutagia. Lundo lifike mita 1.5 kwenda juu na upana wake usipungue hapo; likiwa dogo halishiki joto. Weka chini yake sakafu ya saruji au udongo ulioshindiliwa, na juu yake paa au turubai wakati wa masika.

Baada ya siku chache joto litapanda. Tunachotaka ni nyuzi 55 za Selsiasi au zaidi, kwa siku 15, na ndani ya siku hizo lundo lipinduliwe walau mara 5, ili kilichokuwa nje kiingie ndani kikaonje joto. Kipimajoto chenye mkono mrefu si anasa; kikundi kinunue kimoja. Ukiminya kiganja cha mboji na maji yakachuruzika, lundo limelowa mno. Lisiposhikamana kabisa, ni kavu. Likinuka amonia, ongeza mabua. Likinuka uozo, halina hewa, lipindue.

Joto likishuka lenyewe, kazi haijaisha. Acha mboji ipumzike hadi miezi 3 au 4 itimie tangu siku ya kwanza. Jaribio la mwisho ni rahisi: panda mbegu za figili au mchicha kwenye kopo la mboji iliyochanganywa na udongo. Zikiota na kusimama vizuri, imeiva. Zikiungua, bado.

Manyoya ya kuku nayo yana naitrojeni nyingi, lakini ni magumu kama kucha zetu na hutoa chakula chake taratibu. Yachanganywe kidogokidogo katika lundo hilohilo, yasirundikwe peke yake.

Hoja ya 5: Magonjwa yasipuuzwe

Kimeta kwanza. Mbegu za vijidudu vya kimeta hudumu ardhini kwa miongo, na joto la lundo haliziui. Mnyama aliyekufa ghafla huku damu ikimtoka puani au nyuma hapasuliwi, hachunwi, wala hafiki kwenye lundo. Anachomwa au kuzikwa kwa maelekezo ya daktari wa mifugo. Naomba hili lisijadiliwe na mtu yeyote. Mboji inatengenezwa kwa mabaki ya wanyama waliokaguliwa wakiwa hai na kukaguliwa tena baada ya kuchinjwa, basi. Viungo vilivyokataliwa na mkaguzi viende kwenye shimo lao.

Mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa iliua watu hapa nchini, na mikoa ya Dodoma na Morogoro ilikuwa miongoni mwa iliyoguswa. Ugonjwa ule huambukizwa pia kwa kugusa damu. Kijana anayekinga damu avae glavu ndefu, buti na aproni, na afisa mifugo akitangaza tahadhari, kazi ya damu isimame.

Lipo pia somo la Uingereza. Mwaka 1986 waligundua ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, ukaenea kwa sababu ng'ombe walilishwa unga wa nyama na mifupa ya ng'ombe wenzao. Tangu hapo Umoja wa Ulaya umekuwa mkali. Kanuni yake ya mwaka 2009 inagawa mabaki ya wanyama katika madaraja 3 kwa kadiri ya hatari, na mifugo hairuhusiwi kula majani ya shamba lililowekwa mbolea ya aina hii hadi siku 21 zipite. Sisi tuchukue msingi wake: mbolea ya machinjio isiwekwe stoo moja na chakula cha mifugo, wala mbuzi wasiachiwe shambani ilipotoka kumwagwa.

Halafu kuna kachumbari. Nyanya, kabichi na saladi tunazila mbichi. Mboji iliyopata joto sawasawa ni salama, lakini samadi mbichi siyo. Kanuni za kilimo hai za Marekani hutaka siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna zao linalogusa udongo. Mchicha wetu huvunwa kabla ya siku 40. Hesabu hiyo inatosha kueleza kwa nini hatuna njia ya mkato.

Hoja ya 6: Shambani, sokoni na katika dini zetu

Mboji hii ina naitrojeni nzuri, lakini potasiamu yake ni kidogo, na nyanya isiyo na potasiamu huzaa matunda yasiyoiva sawasawa. Ongezeni majivu ya kuni au mashina ya migomba. Mashina yaingie kwenye lundo, ila majivu yasiingie, kwa sababu yanafukuza amonia. Yawekwe shambani, siku tofauti na mboji. Udongo wa milima ya Uluguru una tindikali, na kwa anayehitaji fosforasi, hapo unga wa mifupa hufanya kazi vizuri. Kwenye udongo wenye magadi fosforasi yake hukaa bila kuyeyuka. Mboga za majani ndizo zitakazofaidi mboji hii upesi. Karoti msizizidishie, maana naitrojeni nyingi huleta majani mengi na mizizi midogo.

Wapo wanaouliza habari ya najisi, na ni swali la heshima. Damu inayotiririka ni najisi katika Uislamu na ni haramu kuliwa. Wanavyuoni wengi wameruhusu kula mmea uliokua kwenye samadi, ila kuhusu kuuza na kununua kilicho najisi madhehebu yana maoni tofauti. Kwa kuwa wachinjaji wetu wengi ni Waislamu na wanunuzi wa mboga ni watu wa dini zote, naomba masheikh waitwe mezani kabla ya mradi kuanza, na mfumo wa malipo upangwe kwa ushauri wao.

Sheria nayo ipo. Kikundi kinachotaka kufunga mboji hii mifukoni na kuiuza kiende kwanza kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA, iliyoundwa chini ya Sheria ya Mbolea ya 2009. Wala msione kuwa huo ni usumbufu. Mkulima anayenunua mfuko ana haki ya kujua ndani yake mna nini.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa kutazama mbele.

Nchi hii ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na miji yetu inakua, kwa hiyo machinjio zitaongezeka na kupanuliwa. Kila mchoro mpya wa machinjio utakaoletwa mbele yenu, Waheshimiwa Madiwani, utazameni mfereji kabla ya kutazama lango. Mkiona mfereji mmoja tu, urudisheni kwa mchoraji. Kuchimba wa pili wakati wa ujenzi ni gharama ndogo. Kuvunja sakafu baadaye ni kubwa.

Wanafunzi, kazi yenu ipo. Udongo wa Mgeta si wa Mlali, ingawa wakulima wa pande zote mbili wamo humu, na kiasi cha mboji kinachotosha tuta moja la kabichi Mgeta lazima kipimwe Mgeta. Chukueni hilo liwe utafiti wenu wa mwisho, mkafanye na wakulima, katika matuta yao, mkiwalipa kwa mazao watakayopoteza wakati wa majaribio.

Wakulima, kusanyeni mabua. Mwezi wa kuvuna mahindi, mabua yanachomwa moto, na miezi mitatu baadaye mnalalamika hamna cha kuvundikia. Wachinjaji, chagueni watu wenu wawili au watatu, mkae na bwana afya na afisa mifugo, muanze na ng'ombe wa usiku mmoja kwa wiki hadi mkono uzoee.

Mwaka wa fedha wa halmashauri unaanza Julai 1, na vikao vya bajeti huanza miezi mingi kabla yake. Waheshimiwa, naomba mfereji wa damu na tangi lake viingie katika bajeti ijayo.